Kipande Kilichobaki

Stima imepotea tangu saa moja kasoro.
Lango la Kanisa la Marafiki limelala chali
sakafuni kwangu, bado halina mshazari,
na Jumapili haingojei stima.
Mideva kaja na daftari na taa ya simu,
kakalia ndoo ya rangi, magoti juu:
"Mama, hii imenishinda."

Mstari ulionyooka, kitu ambacho Chavakali hatuna,
huku hata barabara huyapisha mawe.
Juu yake mstari mwingine umeegemea
kama mtu aliyechoka kupanga foleni.
Kushoto pameandikwa 3x + 20,
kulia 2x – 10.
Tafuta pembe zote mbili.

Nikacheka. Huyu namjua.
Miaka kumi na sita naegemeza chuma juu ya chuma:
ukikilaza huku, upande huu unabanwa,
ule unapanuka kwa kadiri ileile.
Ni ugali wa sahani moja,
mmoja akimega zaidi
mwenzake hahitaji kuambiwa.

Nikatwaa chaki ya kuchorea chuma,
nikaandika sakafuni, kati ya masizi na cheche zilizokufa:
tatu na mbili, tano;
ishirini toa kumi, kumi.

5x + 10 = 180

"Kwa nini mia na themanini?" Ananipima, namwona.
Kwa sababu ukigeuka kiasi hicho
unatazama ulikotoka.
Kumi ikavuka alama ya usawa, ikabadili sura
kama wanavyofanya wavukao mpaka usiku.
Mia na sabini. Gawa kwa tano.

x = 34

Nikapiga mistari miwili chini yake, kama tulivyofundishwa,
nikajifuta mikono kwa aproni.
Mideva hakufunga daftari.
"Thelathini na nne ni x, Mama.
Pembe ziko wapi?"

Hapo karatasi ya darasa la nane ikanirudia,
na wino mwekundu wa Mwalimu Lugonzo:
*Umefika mlangoni, Kageha. Mbona hukuingia?*
Alama mbili kati ya tatu.
Sikuililia ile moja. Nililia Februari,
karo ilipokataa kutimia.
Lakini mtu akiniuliza shule niliiachia wapi,
kinachonijia ni ule mlango.

Basi tukaingia.
Thelathini na nne mara tatu, mia moja na mbili,
ongeza ishirini: 122.
Mara mbili, sitini na nane,
toa kumi: 58.
Tukazijumlisha kwa sauti, mimi na yeye,
kama wahesabuo sadaka,
na hakuna hata digrii moja iliyopotea njiani.

Saa tatu stima ikarudi bila kuomba radhi.
Mshazari wa lango haukutaka hamsini na nane.
Ulitaka hamsini na tatu;
chuma hakisomi kitabu cha mazoezi.
Nikachora, nikashusha miwani,
grainda ikalia hadi mbwa wa kwa akina Amugune wakaitikia.
Kipande kirefu nikakichomelea mahali pake.
Kifupi kikaanguka, kingali moto, karibu na ndoo.

"Mia na ishirini na saba," akasema Mideva
kabla sijainama kukipima.
Nikainama hata hivyo. Nikapima.
Mia na ishirini na saba.

Akakingoja kipoe, akakitia mkobani
pamoja na rula na kiazi cha kesho.
Nami nilipobaki peke yangu nilichukua vyuma vya zamani,
nikaunganisha ncha na ncha, mkato kwa mkato,
vikarudi kunyooka kama havijawahi kuachana,
ila ule upana wa kisu,
milimita tatu za unga mweusi
ambazo daftari halina pa kuziandika,
na ambazo mimi hufagia kila jioni.